Waja leo, waondoka leo: kuweka na kuondoa vnstat kwa apt bila kumaliza bando

Shangazi yangu ana duka la stesheneri Ngamiani, hapa Tanga. Lina kompyuta tatu, mashine ya kutoa kopi, printa moja yenye kiburi, na simu inayolala dirishani kutwa nzima kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika. Hotspoti ya simu hiyo ndiyo inayolisha duka zima. Siku moja nilipita kumjulia hali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Jumatatu nimejiunga bando la GB 20. Leo Alhamisi naletewa ujumbe limekwisha. Nani kalila?"

Jibu sikuwa nalo, ila njia ya kulitafuta nilikuwa nayo. Kompyuta zake zote tatu zinatumia Ubuntu, mfumo wa uendeshaji wa familia ya Linux, nilimwekea mwenyewe, na kwenye Ubuntu kuna kijiprogramu cha terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kinaitwa vnstat ambacho kazi yake ni hiyo moja tu: kuhesabu data inayoingia na kutoka, saa kwa saa, siku kwa siku, na kuiandika daftarini. Kimetungwa na Mfini, Teemu Toivola. Hakichungulii unachosoma wala unachotuma. Kinasoma namba ambazo kerneli, kiini cha Linux, inazihesabu yenyewe kwa kila njia ya mtandao, basi. Ndiyo maana ni chepesi hata kwa kompyuta kuukuu, na ndiyo maana hakiwezi kukuambia ni programu gani imekula. Kitakuambia kiasi gani na saa ngapi. Mengine unayatafuta kwa akili yako.

Nitaeleza jinsi nilivyokiweka, kisha jinsi nilivyokiondoa, maana watu wengi wanajua la kwanza na hawajui la pili. Mji wetu una msemo wake, waja leo waondoka leo. Programu nyingi zinakuja leo, lakini kuondoka haziondoki, zinaacha mizigo ndani ya nyumba.

Neno moja kwanza. Kwa Kiswahili cha simu, kifurushi ni bando. Kwa Kiswahili cha Linux, wengine wanaita kifurushi ile programu iliyofungwa tayari kuwekwa. Tukitumia neno moja kwa vyote viwili tutachanganyana, kwa hiyo hapa bando ni bando na programu iliyofungwa nitaiita pakeji. Anayezileta na kuziondoa pakeji ni apt, msimamizi wa pakeji wa Debian na Ubuntu.

Uliza kabla ya kuleta

Fungua terminali kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Andika:

`apt show vnstat`

Amri hii haiweki kitu na haihitaji nenosiri. Inasoma orodha ambayo tayari ipo kwenye kompyuta yako na kukuonyesha maelezo ya pakeji: toleo, ukubwa wa kupakua, ukubwa baada ya kuwekwa, na pakeji nyingine inazozitegemea. Ya vnstat ni ndogo, haifiki megabaiti moja. Tegemeo lake kubwa ni maktaba ya SQLite, ambayo kwa kawaida Ubuntu ya mezani inayo tayari.

Kama unataka kujua imeshawekwa au bado, tumia `apt policy vnstat`. Mstari wa `Installed` unaonyesha toleo lililopo kwenye mashine, wa `Candidate` lile ambalo apt italeta ukiiagiza.

Ukijibiwa kwamba pakeji haipatikani, sababu ni mojawapo ya tatu: umekosea herufi, orodha yako ni ya zamani, au ghala la pakeji la mtandaoni linaloitwa universe limezimwa. Kwenye Ubuntu vnstat inakaa humo. Kuliwasha ni `sudo add-apt-repository universe`. Neno `sudo` mbele ya amri maana yake iendeshwe kwa mamlaka kamili ya kompyuta.

Kusasisha orodha, na bei yake

`sudo apt update`

Utaombwa nenosiri. Ukiandika hutaona herufi wala nyota. Usishtuke, inapokea. Andika, bonyeza Enter.

Mwongozo mwingi unaiandika amri hii kama chumvi, kila mahali, bila kusema inagharimu nini. Haisasishi programu hata moja. Inapakua orodha ya pakeji zote zilizoko ghalani, na kwenye kompyuta ambayo haijafanyiwa hivyo muda mrefu orodha hizo hufika makumi ya megabaiti. Yaani unaweza kutumia bando kubwa kuleta orodha ya duka ili ununue kiberiti kimoja. Kama uliifanya jana, leo iruke uende moja kwa moja kwenye kuweka. Ikikataa kwa sababu faili halipo tena ghalani, hapo ndipo urudi usasishe.

Kwenye kompyuta ya pili ya shangazi, ile ya kuandikia barua, nilikwama hapa. Amri iligoma ikidai kwamba faili za ghala `not valid yet`, yaani bado hazijaanza kutumika. Nikatazama saa ya pembeni: kompyuta ilikuwa inaishi miaka kadhaa nyuma. Betri ndogo ya kwenye ubao mama ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ukikatika saa inarudi zamani. apt hukagua tarehe ya orodha ili mtu asikupe orodha bandia au iliyopitwa na wakati, na kwa macho ya kompyuta ile, orodha ya leo ilikuwa imeandikwa kesho. Dawa ya haraka:

`sudo timedatectl set-ntp true`

Subiri nusu dakika ikiwa mtandaoni, saa itajirekebisha. Dawa ya kudumu ni betri mpya ya CR2032, ile bapa ya mviringo. Kwenye maduka ya saa zimejaa.

Kuweka

Kabla ya hatua hii, hakikisha kompyuta imeunganishwa kwenye mtandao uleule utakaoupima. Nitaeleza sababu punde.

`sudo apt install vnstat`

Ikiwa hakuna pakeji ya ziada inayohitajika, apt itaanza mara moja. Ikiwa zipo, itazitaja, itataja ukubwa wa kupakua, na itasimama kukuuliza `[Y/n]`. Hapa soma. Sisemi kwa adabu tu, soma kweli. Tazama mistari mitatu: pakeji mpya zitakazowekwa, kiasi kitakachopakuliwa, na kama kuna mstari unaosema kuna kitu *kitaondolewa*. Kwenye kuweka, mstari wa kuondolewa ukitokea bila kuutegemea, jibu n, uende ukaulize. Ukiridhika, bonyeza Y na Enter.

Ukikutana na miongozo inayoandika `apt-get` badala ya `apt`, usidhani ni kitu kingine. Debian ilianza 1993, `apt-get` ilikuja miaka ya mwisho ya tisini, na amri fupi ya `apt` ilitoka 2014 kwa ajili ya binadamu anayekaa mbele ya kioo. Kazi ya ndani ni ileile.

Kwenye Debian na Ubuntu, pakeji yenye huduma ya nyuma ya pazia huiwasha huduma hiyo papo hapo. Hakikisha:

`systemctl status vnstat`

Ukiona `active (running)` kwa kijani, imeanza kuhesabu. Toka kwa kubonyeza q. Sasa andika `vnstat` peke yake. Huenda ikakujibu kwamba data bado haitoshi. Hiyo si hitilafu. Huandika daftarini kila baada ya dakika tano, kwa hiyo nenda kapate kahawa na kashata, urudi.

Sasa ile sababu. Siku ya kwanza, daftari likiwa tupu, vnstat huorodhesha njia zote za mtandao inazozikuta. Baada ya siku hiyo, kwa kawaida haiongezi mpya yenyewe. Ukiiweka ukiwa kwenye waifai halafu kesho ukachomeka simu kwa waya wa USB, njia hiyo ya waya haitahesabiwa, na utabaki unasema bando linaliwa na jini. Tazama majina ya njia zako:

`ip -br link`

Ile inayoanza na wl ni waifai, en au eth ni ya waya, na simu kwa USB hujitokeza kama usb0 au jina refu linaloanza na enx. Kuiongeza kwa mkono:

`sudo vnstat --add -i usb0`

Weka jina unaloliona kwako badala ya usb0. Kuna simu zinazobadilisha anwani yake kila unapochomeka waya, hivyo jina la enx linabadilika kila siku na daftari linajaa njia za mtandao zisizo na kazi. Kwa duka, hotspoti ya waifai inasumbua kidogo zaidi kwa kasi lakini hesabu yake inakaa mahali pamoja.

Kompyuta ya pili na ya tatu kwa flashi

vnstat inapima kompyuta iliyomo tu. Kwa hiyo ikiwa tatu zinanyonya simu moja, uiweke kote tatu. Lakini hakuna haja ya kuipakua mara tatu. Kwenye kompyuta ya kwanza:

`apt download vnstat`

Bila sudo. Faili lenye mwisho wa .deb litakaa kwenye folda uliyomo. Linakili kwenye flashi, lipeleke kompyuta nyingine kwenye folda ya nyumbani, kisha:

`sudo apt install ./vnstat_*.deb`

Ile `./` mwanzoni usiisahau. Bila hiyo apt inadhani unataja jina la pakeji ya ghalani. Mwishoni inaweza kulalamika kidogo kuhusu mtumiaji anayeitwa `_apt` kushindwa kulifikia faili. Lipuuze, kazi imefanyika. Sharti ni kwamba kompyuta zote ziwe na toleo moja la Ubuntu na aina moja ya prosesa. Kwa pakeji ndogo kama hii akiba si kubwa, lakini ukijifunza njia hii utaitumia siku ya pakeji ya megabaiti mia tatu.

Kuisoma

`vnstat -d` ni kwa siku, `vnstat -m` kwa mwezi, `vnstat -h` kwa saa. `vnstat -l` inaonyesha mwendo wa sasa hivi, unaikatisha kwa Ctrl na C. rx ni kilichoingia, tx ni kilichotoka.

Bando la shangazi halianzi tarehe mosi, linaanza siku aliyopata hela. Kwa mwenye bando la mwezi linaloanza tarehe 12, fungua `sudo nano /etc/vnstat.conf`, tafuta mstari wa `MonthRotate`, ondoa nukta-mkato iliyo mbele kama ipo, andika 12, hifadhi, kisha `sudo systemctl restart vnstat`. Mwisho ni tarehe 28, na mabadiliko yanaanza na data mpya, hayarudi nyuma.

Tahadhari moja: inahesabu kila kinachopita kwenye njia, hata kisichokula bando. Ukihamisha video kutoka kompyuta moja ya duka kwenda nyingine kwa waifai, au ukituma kurasa mia mbili kwenye printa ya mtandao, zitahesabiwa. Usimgombeze mtu kabla ya kulifikiria hilo.

Baada ya siku nne tulikaa na shangazi mbele ya kompyuta ya kaunta, nikaandika `vnstat -h 96`, kwa sababu bila namba huonyesha saa 24 za mwisho tu. Saa nyingi zilikuwa megabaiti chache. Kisha saa 13 na saa 14, kila siku, milima. Saa 13 ya kompyuta ni saa saba yetu ya mchana, ambapo shangazi anakwenda kuswali na kula, na mjukuu wake wa darasa la pili anarudi shule na kuachwa alinde kaunta. Katuni.

Kuondoa, polepole

Miezi ikapita, shangazi akavuta fiba ya kulipia kwa mwezi isiyo na kikomo cha GB. Hesabu haikuwa na kazi tena, na mimi sipendi huduma inayozunguka nyuma ya pazia bila sababu. Kuna amri tatu, na tofauti zake ndizo zinazowaumiza watu.

Ya kwanza:

`sudo apt remove vnstat`

Hii inaondoa programu na kusimamisha huduma. Faili la mipangilio la `/etc/vnstat.conf` inaliacha, na daftari lililoko `/var/lib/vnstat` inaliacha pia. Si uzembe, ni makusudi: labda utarudi. Ukiandika `dpkg -l vnstat` utaona herufi `rc` mwanzoni mwa mstari, r ikimaanisha imeondolewa, c ikimaanisha mipangilio bado ipo. Mgeni ameaga, sanduku lake liko chini ya kitanda.

Hapa pana mtego ambao nimeona vijana wengi wakinasa. Mtu anaharibu mipangilio, programu inagoma, anafanya remove, anaweka upya, inagoma vilevile. Anaapa kwamba pakeji ni mbovu. Pakeji haina kosa, aliporudisha programu ilikuta mipangilio yake mibovu ikimsubiri. Mwingine mjanja zaidi anafuta faili la mipangilio kwa mkono kisha anaweka upya, na sasa faili halirudi kabisa! Msimamizi amekumbuka kwamba wewe mwenyewe ulilifuta, ameheshimu uamuzi wako. Wote wawili dawa yao ni moja:

`sudo apt purge vnstat`

Hii inaondoa programu pamoja na mipangilio yake ya `/etc`. Unaweza kuitumia hata baada ya remove, itafuta yaliyobaki. Kama rekodi zako unazitaka, nakili daftari *kabla*:

`sudo cp /var/lib/vnstat/vnstat.db ~/`

Baada ya purge angalia mwenyewe kwa `ls /var/lib/vnstat`. Folda ikiwa bado ipo na huitaki, `sudo rm -r /var/lib/vnstat`. Andika njia hiyo kwa ukamilifu, usiache nafasi katikati, na isome mara mbili kabla ya Enter, kwa sababu rm hairudishi kitu.

Kuna mahali purge haigusi kamwe: folda yako ya nyumbani. vnstat haiachi kitu huko usipotaka, lakini programu kama htop huandika mapendeleo yako kwenye `~/.config/htop`, na hayo yatabaki hadi uyafute wewe. Vilevile kitu ulichokiweka kwa snap, ile njia nyingine ya Ubuntu ya kuweka programu, au ulichokijenga mwenyewe kutoka msimbo, apt hakijui na haitakiondoa hata ukiiagiza mara kumi.

Amri ya tatu ni `sudo apt autoremove`. Inaondoa pakeji zilizokuja kama tegemeo la nyingine na sasa hazihitajiki na yeyote. Kwa vnstat mara nyingi haitakuwa na la kufanya, maana SQLite inatumiwa na wengine pia. Ila kwa amri yoyote kati ya hizi tatu, orodha ya vitakavyoondoka ndiyo inayotakiwa kusomwa kuliko zote. Nasema hivi kwa uchungu. Zamani, kwenye kompyuta yangu mwenyewe, niliamua kuondoa python3, lugha ya kuandikia programu, nikidhani nina toleo lingine linalotosha. apt iliniwekea mbele orodha ndefu ya vitu vitakavyoondoka nayo, na `ubuntu-desktop`, pakeji ya mazingira ya mezani yenye madirisha, ilikuwemo. Niliona orodha ndefu nikadhani ni kawaida yake, nikabonyeza Y. Nilipowasha tena, hakuna dirisha, hakuna picha, kioo cheusi na maandishi. Kuirudisha ilinilazimu kuandika `sudo apt install ubuntu-desktop` na kununua bando mara mbili usiku huo.

Likikukuta, faili la `/var/log/apt/history.log` limeandika kila kilichoondolewa, tarehe na saa, pamoja na amri uliyoipiga. Na kama unataka kujaribu bila kufanya, ongeza `-s`, mfano `sudo apt purge -s vnstat`. Itakuonyesha itakachofanya, isifanye.

Mashine iliyokaa miaka huwa na masanduku mengi chini ya kitanda. Yaone yote kwa `apt list '~c'`, ambayo inafanya kazi kwenye Ubuntu ya 2020 na kuendelea.

Mambo yakikwama

Ukiambiwa `Could not get lock`, msimamizi yuko kazini na mwingine, mara nyingi visasisho vya kiotomatiki vinavyojianzisha ukiwasha kompyuta asubuhi. Subiri. Ushauri wa kufuta faili la kufuli unaozungushwa kwenye makundi ya simu ni kama kung'oa komeo la choo wakati mtu yumo ndani.

Umeme ukikatika katikati ya kuweka au kuondoa, ukirudi apt itagoma na kukutajia yenyewe amri ya kupiga:

`sudo dpkg --configure -a`

Ipige, iache imalize, kisha `sudo apt -f install` kama bado inalalamika kuhusu tegemeo lililokosekana. Mara zote nilizokatikiwa na umeme, hizo mbili zilitosha.

Kwenye kompyuta mbili za shangazi sasa `dpkg -l vnstat` inajibu kwamba haiijui pakeji hiyo, na `ls /etc/vnstat.conf` haioni faili. Ya kaunta nilipoigusa shangazi alinizuia mkono. Bando si tatizo tena, alisema, lakini ile `vnstat -h` ameshaijua kuiandika mwenyewe, na bado anataka kuona mtoto amefungua katuni saa ngapi na amefungua daftari la hesabu saa ngapi. Nilimweleza kwamba daftari la hesabu halionekani humo. Akasema niiache tu.